Damu ya Mzee Masanja Ilivyokataliwa

Vijana wangu wa fani hii ya damu, juzi nilikwenda maabara kupimwa sukari, nikahudumiwa na binti mmoja wa rika lenu. Alinifunga mpira mkononi, akachoma, akavuta damu, akabandika pamba, na muda wote huo simu imebanwa kati ya sikio na bega. Kazi yake ilikuwa safi, mshipa aliupata mara moja, sina la kulalamika. Ila nilipofika nje niligundua kwamba uso wangu hakuuona kabisa. Nikicheka naye kesho pale Kizwite sokoni atadhani bibi wa watu amechanganyikiwa.

Sisi tuliongea na watu, na msidhani ni kwa sababu tulikuwa na adabu kuliko ninyi. Tulikuwa tunaogopwa. Nilipoanza kazi ya maabara hapa Sumbawanga, watoto wa Malangali wakiniona na koti jeupe walikuwa wanatimua mbio wakipiga kelele "mumiani!" Mama zao waliwakemea kwa sauti kubwa ili niisikie, kisha nao wakafunga mlango. Mtu wa sifa kama hizo akitaka damu ya watu, hana budi kujifunza kuongea.

Aliyenifundisha kazi alikuwa sista mmoja mzee wa hospitali ya misheni, mkali, mwenye vidole vifupi ambavyo havikukosea. Mnajua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba. Mishipa inazama, unapapasa mkono wa mtu mzima hupati kitu. Sista alikuwa anampa mgonjwa chupa ya maji ya moto aikumbatie, kisha anamuuliza habari za ulezi wake, umevunwa au bado, ndege wamekula kiasi gani. "Mshipa unasikiliza," alikuwa akiniambia. Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni imani ya kitawa. Baadaye nikaelewa ni maji ya moto. Lakini na mazungumzo sikuyaacha, maana mtu anayelaumu ndege hawezi kukaza mkono.

Mashine yetu ya kuzungusha damu ilikuwa ya mkono, unakoroga kama unasaga nyama. Umeme ulikuwa wa jenereta, na jenereta ilikuwa na hiari yake. Damu ukishaitoa unaiacha isimame wima, igande taratibu, ndipo uizungushe, na juu yake yanabaki maji ya njano, maangavu kama mafuta ya alizeti yaliyochujwa vizuri. Hayo ndiyo tuliyokuwa tunayataka. Ukiitikisa kabla haijaganda, inavunjika, maji yanatoka mekundu, umepoteza kazi na umemchoma mtu bure. Kuna dereva wetu mmoja aliwahi kutuletea damu kutoka Laela kwa mwendo wa kukimbiza maiti ya tajiri, akateremka kifua mbele akisubiri kupongezwa. Chupa zote zilikuwa nyekundu. Kuanzia hapo damu ya vijijini nilikuwa naipakata mwenyewe, nimeifunga kwenye kanga, na yule dereva akawa ananiuliza kila tukifika kama mtoto amelala.

Sasa niwaeleze habari ya utafiti, maana ndiyo mliyoniomba.

Zilikuwa zama za ruksa. Kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Mitumba ilijaa, soda za rangi zote, na jamaa aliyekuwa anauza saruji alifungua duka la dawa palepale, saruji kulia, dawa kushoto. Hospitali nayo ikatufundisha neno jipya, kuchangia, yaani ulikuwa unaugua bure, sasa unaugua kwa kuchangia. Katika wimbi hilo ndipo akaja daktari wa utafiti kutoka Dar, kijana mpole, msomi haswa, aliyeletwa na wenzake wa Ulaya pamoja na kasha la barafu lenye ukubwa wa jeneza. Wiki ya kwanza aliruka kila ngurumo ya radi, kwa sababu ya yale aliyoambiwa kuhusu radi za kutumwa na wachawi wa Sumbawanga kabla ya kupanda basi. Tulimwonea huruma, tukawa tunamwambia radi za leo ni za kawaida, si zile zenyewe.

Alichokuwa anakitafuta ni hiki. Katika damu kuna protini nyingi, na baadhi yake huongezeka mwili unapopambana na jambo fulani. Wataalamu walikuwa wameona kwamba kwa watu wenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo ambayo wengine hatuyaoni, baadhi ya protini hizo huwa juu kidogo. Swali likawa, zimepanda kwa sababu ya ugonjwa, au mtu alizaliwa na vinasaba vinavyozipandisha hata asingeugua? Ili kujua, anachukua damu ya mgonjwa, ya ndugu zake waliozaliwa naye, na ya watu wazima wa jirani wasio na undugu naye. Kisha analinganisha makundi. Kumbukeni hilo neno makundi, maana ndilo lililotutesa.

Mgonjwa wetu mmoja alikuwa Deo wa Malangali. Kabla ya kuugua alikuwa karani wa ghala la chama cha ushirika. Ushirika ulikufa, na yeye akaugua, na watu wakabishana kipi kilimsababishia mwenzake. Akipata sindano yake ya kila mwezi, Deo alikuwa anapalilia ulezi kuliko mtu yeyote pale kwao, na baiskeli mbovu zote za mtaa zilipita mikononi mwake. Akiikosa, anabishana na dari. Na kuikosa kulikuwa kwingi. Lile kasha la barafu lilipata nafasi kwenye ndege bila kukosa, likavuka bahari na damu yake. Sindano yake ilikuwa inakosa nafasi kwenye basi la Mbeya.

Siku ya kumtoa damu nilikaa mbele yake, si nyuma wala pembeni. Hili lishikeni: mtu anayehisi anafuatiliwa, usimtokee kwa nyuma na sindano. Nilimwonyesha kila kitu, mpira, sindano, chupa.

"Wanasema wewe mwizi," Deo akaniambia, akisikiliza upande wa dirisha.

"Leo naiba kidogo tu, na naiba ukiona."

Akacheka. "Hilo hawakulisema." Akanyoosha mkono.

Deo alikuwa na mdogo wake, Yustina, fundi cherehani, kibarazani kwao. Yustina alikuwa amechumbiwa na Shija, kijana wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe wao, wakaweka boma nje kidogo ya Milanzi. Wale vijana walipendana kweli. Shija alikuwa analeta mashati ya kushonwa vifungo mpaka tukajiuliza huko kwao vifungo vinaliwa na ndama. Mshenga alishakwenda, mahari ilishazungumzwa nusu, na baba yake Shija, Mzee Masanja, alikuwa amekubali. Hapo ndipo gari la utafiti likasimama mlangoni kwa kina Yustina, asubuhi kweupe, kuwachukua ndugu wa Deo wakatolewe damu, mtaa mzima ukiangalia. Mzee Masanja alikuwa anajua mkwewe ana kaka mgonjwa. Ila kujua ni jambo moja, na gari la hospitali mlangoni ni jambo jingine.

"Tusubiri damu," akatuma neno. "Damu ikisema ni ya ukoo, mimi sina kijana wa kuoa pale."

Yustina alinifuata maabara siku ileile. Aliniamkia, akakaa.

"Mama," akasema, "damu yangu mnayo. Mtaijua kama ina kichaa au haina?"

Nikamwambia ukweli, na ukweli wenyewe ni mgumu kuubeba. Nikamwambia, chukua gunia la mahindi ya Laela na gunia la mahindi ya Mpui. Ukizipima punje zote utaweza kusema za huku ni nzito kidogo kuliko za kule. Lakini nikikupa punje moja mkononi, hutajua imetoka gunia lipi. Damu yake ni hiyo punje. Hakuna mtu, Dar wala Ulaya, atakayeiangalia na kusema Yustina atazaa wagonjwa au hatazaa.

"Kwa hiyo hakuna majibu."

"Ya kwako peke yako, hakuna."

"Na mzee anasubiri majibu."

"Ndiyo."

"Basi mimi nitazeekea kwenye cherehani," akasema, na akalia, na mimi nilitamani niwe mwongo kwa dakika chache tu nimwandikie cheti cha damu nzuri.

Mzee Masanja naye hakuwa mtu wa kusubiri akiwa amekaa. Aliposikia tunahitaji watu wazima wasio na undugu na wagonjwa, alijileta mwenyewe, shuka begani, fimbo mkononi. "Nipimeni na mimi," akamwambia daktari, "ili muwe mmeona damu nzima inavyokuwa." Daktari alifurahi. Watu wa kujitolea walikuwa adimu, wengi waliogopa mumiani, yaani mimi.

Masharti yalikuwa yaleyale kwa wote: uje asubuhi, hujala wala kunywa kitu isipokuwa maji. Hapa sasa ndipo mila zilipoingia maabara bila kubisha hodi. Nyumbani kwa kina Deo ni Wakatoliki wa kufa. Mama yao aliposikia kuacha kula mpaka jambo fulani lifanyike asubuhi, alielewa mara moja, kwake ilikuwa kama kujiandaa kupokea Ekaristi. Alifungisha nyumba nzima. Waliotolewa damu walifunga, wasiotolewa walifunga, na nasikia hata mbuzi walicheleweshewa majani. Maji ya damu yao yalitoka maangavu mpaka daktari akayanyanyua kwenye mwanga na kuyasifu.

Bomani kwa Mzee Masanja mambo yalikuwa mengine. Wafugaji wale hawamtoi mnyama damu akiwa na njaa, sembuse baba mwenye nyumba. Mke wake alimwandalia alfajiri kibuyu cha maziwa, mafuta yake yote yakielea juu, na samli ya kuongezea nguvu. Na lile sharti? Mzee alilisikia vizuri sana. Aliona ni la wagonjwa. Yeye ni mzima, linamhusu nini?

Nikamtoa damu, ikaganda, nikakoroga mashine. Nilipoitoa ile chupa, juu hapakuwa na maji ya njano. Palikuwa peupe pe, kama mtu amemimina maziwa. Ninyi mnajua, ni mafuta ya chakula tu, mtu akinywa samli asubuhi damu yake lazima ichafuke, akikaa na njaa inarudi kama kawaida. Ila haipimiki. Daktari akaiangalia, akacheka, akasema, "Hii tunaikataa. Arudie."

Nilimwita balozi wa nyumba kumi, maana ndiye aliyekuwa anatusaidia kuita watu. Nikamweleza polepole: mzee hana ugonjwa wowote, alikunywa maziwa, tunaomba arudie akiwa hajala. Balozi alinisikiliza kwa makini, akarudia mbele yangu, akaondoka. Tatizo ni kwamba njia ya kwenda bomani inapita kwenye kilabu cha pombe, na kwenye kilabu walikuwa wamekaa wazee wa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kila mmoja na mrija wake.

"Nina ujumbe wa hospitali," balozi akatangaza. "Damu ya Mzee Masanja imekataliwa. Ni nyeupe."

"Na ya Deo?"

"Ya Deo imepokelewa. Tena imesifiwa."

Maelezo ya maziwa yalibaki palepale kwenye kimpumu. Kabla soko la Kizwite halijafungwa, habari zilikuwa zimefika kwamba Wazungu wameikataa damu ya Msukuma na kuondoka na ya kichaa wakiishangilia. Wanawake wakaacha kununua maziwa kwa mke wa Mzee Masanja. Nilipowaambia maziwa yenyewe ndiyo yaliyoichafua damu, wakaona nimewapa ushahidi walioukosa. Niliumia. Nilishawahi kuwaeleza watu mambo magumu ya malaria na kichocho wakaelewa, na hapa nimeshindwa na kibuyu.

Kilichofuata kilinichekesha na kunikasirisha kwa pamoja. Baba mkubwa wa Yustina, ambaye wiki iliyopita alikuwa anaomba Mungu posa isivunjike, alivuta kiti, akakohoa, akatangaza kwamba ukoo wao hauwezi kuozesha binti mahali palipo na damu ya kukataliwa. Na yeye akatuma neno bomani. "Tusubiri damu," akasema. Nadhani hakujua kwamba anarudia maneno ya mwenzake, au alijua na akayafurahia.

Yustina akarudi maabara. Safari hii hakulia.

"Shikamoo mama. Mwanzo nilikataliwa mimi kwa sababu ya kaka. Sasa kwetu wanamkataa Shija kwa sababu ya samli. Wakimaliza kukataana, mimi nitakuwa na miaka mingapi?"

Nikamwambia aende kwa Shija, amweleze, amlete baba yake. Shija alimleta. Mzee alikuwa amekonda uso, na sidhani ilikuwa ni ile njaa ya asubuhi moja. Hakuja na maneno mengi kama mara ya kwanza. Alikaa, akanyoosha mkono, akaangalia ukutani. Nilimuuliza habari za ng'ombe, akajibu neno moja moja. Damu ilitoka, nikakoroga, maji yakawa ya njano, maangavu. Nikamwita aje aone mwenyewe kwa macho yake.

"Wabeja," akasema. Ahsante. Akachukua fimbo yake akaondoka.

Kuhusu protini, mtaniuliza. Daktari alinieleza baadaye kwamba makundi yalitofautiana kidogo, na sehemu ya tofauti hiyo ilionekana kufuata vinasaba, na sehemu nyingine haikufuata, na kwamba bado wanaulizana. Ni kazi nzuri, siidharau, na ninyi mkiwa na mashine zenu mtaifikisha mbali. Lakini haikuja na kitu ambacho mtu wa Malangali angeweza kukiweka mfukoni akaenda nacho nyumbani. Msiwaahidi watu kitu hicho. Wakiuliza, rudini kwenye punje ya mahindi, hata mkichoka kuirudia.

Baada ya damu ya pili kupokelewa, pande zote mbili zikakubali kukutana, nyumbani kwa kina Yustina, Jumapili baada ya misa. Niliitwa kama mtaalamu. Nilikuta mama mwenye nyumba, baba mkubwa, balozi, Shija, na Mzee Masanja amekaa peke yake kwenye benchi refu. Yustina alikuwa chumbani, mlango haukufungwa sawasawa. Deo alikuwa uani na baiskeli ya mtu. Ndivyo walivyofanya kila yalipokuja mazungumzo ya posa, wanampa baiskeli akae nayo uani, wageni wasimwone.

Baba mkubwa akanipa nafasi. Nikasema kwamba damu ya mzee haikuwa na ugonjwa, ilikuwa na maziwa. Nikasema pia kwamba damu ya Deo haikusema lolote juu ya Yustina na watoto wake, wala haitasema, wanaosubiri iseme watasubiri sana. Nikawapa na magunia yangu ya mahindi. Wote wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Kwa hiyo," akauliza baba mkubwa, "imepokelewa?"

"Imepokelewa."

"Mungu asifiwe. Basi tuendelee na mahari."

"Ngoja kwanza," akasema Mzee Masanja.

Alizungumza akiangalia fimbo yake. "Mimi tangu balozi atangaze nimekuwa napita njia hii. Napeleka ng'ombe joshoni, narudi. Balozi, ulikuwa unavuka barabara. Mama, ulikuwa unanipa mgongo, unajifanya unapepeta. Leo mnasema mimi mzima. Na zile siku zote nilikuwa mzima vilevile. Niambieni, nani hapa alinisalimia?"

Balozi akaanza kukuna goti. Mama Yustina akainamisha uso. Mimi nilikuwa naangalia chini, sikuwa na mahali pengine pa kuangalia.

"Mimi," sauti ikasema kutoka uani.

Deo alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mikono ina grisi mpaka viwikoni.

"Mimi nilikuamkia, mzee. Kila ulipopita."

Mzee Masanja alimgeukia.

"Ni kweli," akasema mzee. "Uliniamkia. Na mimi sikuitikia hata mara moja." Akaweka fimbo chini. "Nilikuwa naona ni salamu ya kichaa."

"Shikamoo," akasema Deo.

"Marahaba, mwanangu." Mzee akasogea mpaka mwisho wa benchi, akapiga mbao kwa kiganja pale alipokuwa amekaa. "Njoo ukae. Haya ni mambo ya dada yako."

Deo akafuta grisi kwenye suruali, akaingia, akakaa.